Nilipeleka orodha ya sarafu ichapwe, wakaisafisha

Kama una barua ya kuomba kazi, mkataba wa pango au kadi za kipaimara, peleka tu, watakuchapia vizuri na kwa haraka. Ila kama una kumbukumbu za kitu ulichokifuatilia kwa miaka, hiyo steshenari ipite kama huioni. Jina silitaji. Iko hapa hapa Arusha mjini na kila siku ina foleni ya wanafunzi.

Mimi nakusanya sarafu za zamani. Nyingine nimezipata kwa wauza chuma chakavu, nyingine kwa akina mama wa soko la Kilombero, nyingine nimeziokoa kwa sonara mmoja wa Moshi, maana shilingi za mkoloni za 1921 hadi 1946 robo yake ni madini ya fedha na yeye haoni historia, anaona cha kuyeyusha. Kila sarafu ina bahasha yake ya karatasi yenye namba, na namba hiyo hiyo iko kwenye kaunta buku: aina, mwaka, herufi ya kiwanda kilichoipiga, uzito, nimeitoa wapi, nani alikuwa nayo kabla. Bila kaunta buku ninabaki na kopo la vyuma tu. Sasa kurasa zimeanza kuachia, nikasema kabla mvua hazijakolea niichapishe yote kwenye Excel.

Siku ya kuchukua kazi, binti wa kaunta akanipokea kwa tabasamu. "Shikamoo baba. Iko tayari, tena nimekusafishia."

Kusafisha! Mkusanyaji yeyote ukimtajia neno hilo anashtuka. Sarafu haisafishwi. Ukiisugua kwa ndimu au dawa ya meno umeiua, anayejua hainunui tena. Nikafungua faili palepale kaunta.

Kwanza, mbuni. Senti ishirini yetu yenye mbuni imeandikwa ni ya 1890, yaani miaka 76 kabla Benki Kuu ya Tanzania haijafungua milango. Chini kidogo, heller ishirini ya Tabora, ile waliyoipiga Wajerumani kwenye karakana ya reli mwaka 1916 vita ilipowakatia mzigo wa kutoka kwao, imekuwa ya 1904. Kumbe amepanga safu ya mwaka peke yake, kutoka mdogo kwenda mkubwa, safu nyingine zote zikabaki zilipokuwa. Miaka yote ipo, ila kila mmoja umeolewa nyumba isiyo yake.

Hilo ningelimeza. Lililonichemsha damu ni senti kumi za 1936.

Ninazo tatu za mwaka huo, zenye tundu katikati na jina la Edward VIII, mfalme aliyeacha kiti kabla hajavikwa taji. Uingereza kwenyewe hawakuwahi kutoa rasmi sarafu zake kwa matumizi, huku kwetu zilinunulia chumvi. Moja haina herufi, ni ya London. Ya pili ina H, ya tatu KN, viwanda viwili tofauti vya Birmingham. Kuzipata zote tatu nimezunguka sana, ile ya KN nimemwomba mwenyewe mpaka akachoka na mimi. Kwenye orodha ikabaki moja.

"Baba, zilikuwa zinajirudia. Na hivi viherufi nilidhani umekosea kuandika, nikavitoa kote."

Kote! A ya Berlin, J ya Hamburg, T ya Tabora, vyote vimefagiliwa. Ukishaondoa H na KN, bila shaka zitafanana. Kwenye sarafu ya tundu, hiyo herufi ndogo ya pembeni, ya kutafuta kwa lenzi, ndiyo utafiti wenyewe.

Sauti ikanipanda, nakiri, watu wa foleni wakageuka. Mama mwenye duka akatoka ndani, hata salamu hakuna: "Mzee, hizo hela zako zenyewe hazinunui hata andazi, unamgombeza mtoto wa watu kwa ajili ya herufi?" Kisha akataka malipo kamili, na kurekebisha akasema ni kazi nyingine, na bei nyingine. Nikalipa, maana kaunta buku langu lilikuwa upande wake wa kaunta. Huyu simpi hata nusu ya nyota.

Nimefika nyumbani Sakina nimevimba, nikakaa kulinganisha mstari kwa mstari nipate ushahidi zaidi. Hapo ndipo hasira iliponiangusha. Kosa la uchapaji sikuliona. Mwandiko wangu watoto wangu wenyewe hawausomi, yeye kausoma, mpaka nukta za gramu. Hata ile paisa ya Sultani Barghash wa Zanzibar yenye mizani, ambayo mwaka wake ni 1299 wa Hijria, hakuigeuza iwe 1999, jambo ambalo wengi wangelifanya. Pale aliponakili tu, amenakili kuliko mimi.

Na jioni ile simu ikalia, WhatsApp: "Baba samahani, ile ya kwanza kabla sijasafisha nilikuwa nimeihifadhi." Faili lilikuwa zima. H ipo, KN ipo, mbuni karudi 1966.

Sasa niwaambie nini? Duka, msiende. Binti, nyota nne, ya tano ninaishikilia kwa sababu ya T ya Tabora, maana kwenye hilo faili lake la kwanza aliichapa mwenyewe, kwa hiyo aliiona. Kaunta buku la pili halijachapwa bado. Nimemwomba anifanyie baada ya saa za kazi, nimlipe mkononi. Kakubali, ila mama asijue.