Fundi wa baiskeli za resi Ngamiani, kama unapenda spidi mpelekee chombo chako

Watu wa Tanga na baiskeli hatuhitaji kuelezana, mji wenyewe tambarare, kila nyumba ina baiskeli moja au mbili zimeegeshwa ukutani, mama anaendea sokoni, mzee anaendea msikitini. Ila haya maoni nawaandikia wale wa resi, wale ambao Jumapili alfajiri wanatoka kukimbizana barabara ya Pongwe kuelekea Muheza, wale wasioweza kuona mgongo wa mtu mbele yao wakatulia. Mi ni mmoja wao na nalisema waziwazi, kuna raha kwenye kumpita mtu ambayo pesa hainunui, upepo unavuma masikioni, mapaja yanawaka moto, unageuka nyuma gepu limeshakuwa kubwa. Sasa ukiwa na huo ugonjwa alafu baiskeli yako haitembei, unateseka sana.

Yangu ilikuwa haitembei. Ni resi ya mtumba, fremu ya alumini, gia kumi na sita, nimeinunua laki mbili na themanini kwenye duka moja la mitumba hapa hapa mjini, na kwa macho imependeza mpaka basi, nyepesi, ukiinyanyua huamini. Lakini barabarani nzito. Kwenye kundi nakuwa wa mwisho, nakanyaga mpaka pumzi zinakata na wenzangu huko mbele wanapiga stori zao kama wako barazani. Nikaanza kupiga hesabu za kuagiza rimu za kaboni mtandaoni, zile ambazo kwa bei yake unapata pikipiki ya mtumba na chenji inabaki. Ndo mwenzangu mmoja wa kundi akanambia usiagize chochote, kamwone mzee wa Ngamiani kwanza.

Yuko kwenye zile barabara za namba, katikati katikati, kibanda cha mabati chenye fremu kuukuu zimening'inizwa juu, ukifika Ngamiani ukiuliza fundi wa resi hata mtoto atakupeleka. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mwanangu, lete chombo nikione." Hakuniuliza ina tatizo gani. Akainyanyua mbele, akaisukuma rimu kwa kidole kimoja, akakunja mikono akawa anaiangalia tu. Ikazunguka kidogo ikasimama. Akasema, "Umeona ilivyosimama? Rimu nzima haisimami hivi, rimu nzima inarudi." Mi sikumwelewa anamaanisha nini inarudi.

Akafungua ekseli, akatoa koni, ile nati inayozibana gololi katikati ya rimu, akamwaga gololi kwenye sahani ya bati yenye mafuta ya taa. Hapa ndo nilianza kumheshimu huyu mzee. Fundi wengi wa haraka haraka wakifika hapo wanachota grisi mpya wanajazia juu ya ile chafu wanafunga, elfu tatu yako imeenda. Yeye alizisugua zile gololi zote, akawa anaichukua moja moja anaizungusha kiganjani kwenye mwanga, iliyoliwa hata kidogo anaitupa pembeni. Na zilizoliwa zilikuwa nyingi tu, kwasababu huko ilikotoka mtu aliikaza koni kupita kiasi, yaani kila nikikanyaga sehemu ya nguvu zangu ilikuwa inaishia kusaga chuma kwa chuma. Akaweka gololi mpya, grisi mpya, akakaza, akalegeza robo, akakaza tena kidogo kwa kusikilizia mkononi. Alafu akaisukuma tena kwa kidole kile kile. Jamani ile rimu ilizunguka mpaka nikachoka kuisubiri, na ilipofika mwisho haikusimama, ilirudi nyuma kidogo, ikaenda mbele, ikarudi, ikaenda, mpaka ile valvu ikatulia chini kabisa. Akasema hapo kinachoisimamisha ni uzito wa valvu peke yake. Ndo nikaelewa inarudi ni nini.

Baada ya hapo akaipiga belensi, yaani akainyoosha rimu isiyumbe, njiti kwa njiti, akaosha cheni kwa petroli mpaka ikarudi rangi yake, akatia oili tone moja kila kiungo, iliyozidi akaifuta na kitambaa, anasema oili inayoonekana kwa nje inakusanya mchanga na mchanga unakula meno ya gia. Kisha akaniegemeza ukutani nikiwa juu ya baiskeli, akaniambia weka kisigino kwenye pedeli ya chini, mguu unyooke. Wangu ulikuwa umepinda vibaya sana. Akapandisha siti karibu vidole vinne. Hii haina gharama yoyote, hata spana unaweza kuazima kwa jirani, na niwaambie ukweli hii peke yake niliisikia kuliko vitu vingine vyote, mapaja yalipumua.

Tairi tukabishana. Mi nilitaka nyembamba kabisa zile za milimita 23 nikiamini nyembamba ndo nyepesi ndo kasi, yeye akakataa akanifungia za 28 na hata upepo hakujaza mpaka mwisho. Sababu yake ni kwamba barabara zetu zina kokoto na viraka, tairi nyembamba iliyojazwa ngumu kila ikigonga kitu inakurusha juu, na nguvu ya kwenda juu umeitoa kwenye ya kwenda mbele. Nilifikiri ni maneno ya mtu asiyekuwa na hizo za 23 dukani, kumbe nikifuatilia mashindano makubwa ya Ulaya sahivi hata wale mabingwa wamehamia kwenye 28 na zaidi, za 23 wameachana nazo.

Sasa kuna kitu cha mwisho alinionyesha ambacho hakikuhusu baiskeli kabisa. Alishika shati langu, lile pana la kupepea, akasema hili ndo linakushika. Nikafikiri anatania, hataniagi. Ukishakuwa kwenye tambarare na mwendo umechanganya, sehemu kubwa kabisa ya nguvu zako inaisha kusukuma hewa, na hewa ina tabia mbaya, ukiongeza mwendo kutoka kilomita 20 kwenda 40 kwa saa haikuzuii mara mbili, inakuzuia mara nne, na nguvu ya kuishinda inatakiwa mara nane. Mara nane! Ndo maana mtu wa kawaida anafika 30 kwa raha zake alafu kuanzia hapo kila kilomita moja anailipia kwa jasho la damu. Kwahiyo inama, kunja viwiko, vaa nguo inayobana, na ukiwa kwenye kundi kaa nyuma ya mwenzio, hapo unaokoa kama theluthi ya nguvu, alafu zamu yako ikifika nenda mbele na wewe uwakinge wenzako, usiwe mnyonyaji. Na wakati wa kusi ukiwa unarudi mjini jua upepo unakuja upande gani kabla hujaanza kujimaliza.

Haya mambo sio ya Ngamiani tu, ndo historia nzima ya kasi ya baiskeli. Kuna ile rekodi ya saa moja, unazunguka uwanjani saa nzima peke yako wanapima umeenda umbali gani. Eddy Merckx wa Ubelgiji mwaka 1972 alienda mpaka Mexico City kuitafuta, kule juu zaidi ya mita 2,200 hewa ni nyepesi, akapiga kilomita 49.431. Na ninayempenda mimi ni Graeme Obree wa Scotland, huyu hakuwa na timu kubwa wala kampuni nyuma yake, aliitengeneza baiskeli mwenyewe na bearingi nyingine akazitoa kwenye mashine ya kufulia nguo, akajikunja mikono ikaingia kifuani kabisa ili upepo usimwone, Julai 1993 kule Hamar, Norway. Siku ya kwanza akashindwa. Kesho yake asubuhi, miguu bado ina uchovu wa jana, akarudi uwanjani akapata kilomita 51.596. Rekodi yake haikukaa hata wiki, Chris Boardman akaivunja, na baadae wakubwa wa mchezo wakaupiga marufuku ule mkao. Sahivi Filippo Ganna wa Italia yuko 56.792 tangu Oktoba 2022. Lakini hadithi ya Obree nilipomsimulia mzee alisimamisha kazi, spana mkononi, akaniuliza mara mbili mbili zile bearingi alizikalisha vipi kwenye krenki, pale pedeli zinapozungukia, na kwa kweli sikuwa na jibu la kumpa.

Pale kibandani kuna benchi, na lile benchi kwangu ni sehemu ya huduma, usiende ukaacha baiskeli ukaondoka, kaa. Wazee na vijana wanabishania kasi kutwa nzima. Mzee mwenyewe akianza habari za mkimbiaji wetu Filbert Bayi hashikiki, Christchurch kule New Zealand Februari 1974, mita 1,500, jinsi alivyotoka mbele tangu mlio wa bastola akaongoza mpaka mwisho wakati wakimbiaji wengi walikuwa wanavizia mzunguko wa mwisho, 3:32.16 rekodi ya dunia, na John Walker aliyekuja wa pili naye akawa ameivunja rekodi ya zamani na bado akapigwa. Vijana wao ni mkimbiaji wetu wa sasa Alphonce Simbu, bingwa wa marathoni ya dunia Tokyo Septemba 2025, kilomita 42 nzima alafu yeye na Amanal Petros wa Ujerumani wote wanaandikiwa 2:09:48, tofauti sekunde 0.03. Kijana mmoja pale alisema kitu nikakaa nacho, kwamba Petros alikimbia umbali ule ule kwa muda karibu ule ule na hapa tunamjadili kama mtu aliyeshindwa. Ni kweli na inauma, lakini pia ndo inayotuamsha alfajiri, kujua kwamba kati yako na wa mbele yako huenda kuna kifua tu.

Alafu fikiria hili. Usain Bolt wa Jamaica pale Berlin 2009 alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58, kwenye ile sehemu aliyokimbia kwa kasi kuliko zote aligusa zaidi kidogo ya kilomita 44 kwa saa, na alikaa hapo kwa sekunde chache. Mimi na wewe kwa miguu hatufiki huko hata tukifukuzwa na mbwa. Lakini juu ya resi iliyofungwa vizuri, kibarabara kinashuka kidogo na upepo uko mgongoni, kijana wa Makorora asiye bingwa wa chochote anaigusa hiyo 44 kwa miguu yake mwenyewe bila injini wala mafuta. Ndo maana huwa nakasirika nikiona resi nzuri imetelekezwa na koni zilizokazwa vibaya.

Matokeo sasa. Kipande changu cha kawaida kutoka mataa ya mjini mpaka Pongwe simu ilikuwa inanisomea wastani wa 25, 26 nikijitahidi sana. Sahivi nacheza kwenye 29 na nikifika naweza kuongea. Miguu ni ile ile, fremu ni ile ile, za kaboni sikuagiza. Kwenye kundi nipo katikati, na kuna jamaa mmoja ambaye nilikuwa naujua mgongo wake tu sasa hivi ananijua sura.

Lawama zipo na siwezi kuzificha. Akikwambia njoo kesho, hiyo kesho ni jina tu, yangu ilikaa mpaka wiki nyingine na simu hapokei, lazima uende mwenyewe ukasimame pale. Risiti hamna. Spea nyingi ni za mtumba kwahiyo ukihitaji gia ya aina fulani unasubiri mpaka ipatikane. Breki za mafuta zile za kisasa hazigusi, na anakwambia mapema peleka kwa mwingine, hilo nililipenda, kuna mafundi wangekubali alafu wakakuharibia.

Na msimamo wake kwenye breki ujiandae nao. Kuna vijana wanamfata awatolee breki baiskeli iwe nyepesi kama zile za uwanjani, anawafukuza na maneno makali, hata uwe mteja wake wa miaka. Mi mwenyewe siku ya kuchukua aliishikilia baiskeli, raba za breki zimeisha, hanipi mpaka nikanunue mpya, elfu sita nyingine ambayo sikuipanga na nilinuna mbele yake. Siku si nyingi maeneo ya Kwaminchi bajaji ikakata kona mbele yangu bila taa bila mkono, nipo kwenye thelathini na ushee, nilikamata breki zote mbili nikasimama tairi ikiwa imelibusu bampa la nyuma. Anayetaka spidi kwa huyu mzee anaanza kununua uwezo wa kusimama, na namuunga mkono asilimia zote, barabara yetu tunagawana na mabasi ya Dar na malori ya saruji.

Bei nilizolipa: habu zote mbili, zile sehemu za katikati ya rimu zenye gololi, kufungua na gololi mpya elfu kumi na mbili, belensi elfu tano kila rimu, cheni kuosha elfu tatu, siti bure, raba za breki hizo elfu sita, tairi zinategemea amepata za wapi. Ijumaa anafunga kabla ya swala na kurudi ni mpaka alasiri, Jumapili asubuhi hayupo kwasababu anakaa na pampu yake njia ya Pongwe kuangalia nani anampita nani. Ukipeleka baiskeli ina matope ataiosha kwanza na ataongeza buku mbili kwenye hesabu, kwahiyo ioshe nyumbani.