Uzoefu wangu na NVDA: kusoma chuoni Malindi bila kuona

Mimi sioni, na nasomea ualimu wa Kiswahili na historia katika chuo kimoja hapa Malindi. Karibu kila ninachokisoma, kuanzia makala za isimu hadi ratiba ya mitihani, kinapitia NVDA. Hiki ni kisoma-skrini: programu inayokaa ndani ya kompyuta ya Windows na kukutamkia kilichoandikwa. Naandika haya kwa wanafunzi wasioona wanaotaka kuja kusoma huku Pwani, na zaidi kwa wahadhiri na wakutubi watakaowapokea.

Wazazi huuliza bei kwanza. NVDA ni bure. Waliianzisha Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, mwaka 2006, wakati visoma-skrini vya kulipia viliweza kugharimu kuliko kompyuta yenyewe. Unaipakua kutoka kwa shirika lao, NV Access, na ukitaka unajitengenezea nakala ya kutembea nayo kwenye flashi. Nakala hiyo ndiyo iliyonifungulia chuo. Kompyuta za maabara yetu haziruhusu mwanafunzi kusakinisha kitu, lakini nikichomeka flashi yangu nasoma kama wenzangu. Hata saiba za mjini naingia nayo.

Sauti inayokuja nayo, eSpeak NG, inazungumza Kiswahili pia. Ni sauti kavu, ya mashine hasa. Mimi naipenda kwa sababu ukiiongeza kasi maneno bado yanasikika kila moja peke yake, na mwanafunzi mwenye kurasa nyingi za kusoma anahitaji kasi kuliko utamu.

Hapa kuna jambo ambalo walimu wa Kiswahili wengi hawalijui. Ukiandika hati kwenye Word bila kubadilisha lugha yake, Word inaweza kuihesabu kuwa ya Kiingereza, na NVDA inafuata alama hiyo. Basi “ng’ombe” na “mbingu” zinatamkwa Kizungu, na vina vyote vinapotea. Kwa anayesoma tendi za Lamu na Pate hasara hiyo ni kubwa, kwa sababu utenzi usiousikia kina chake bado hujausoma. Dawa yake ni nyepesi: chagua maandishi yote, weka lugha kuwa Kiswahili, hifadhi.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni PDF za picha. Mhadhiri anachukua sura ya kitabu iliyotolewa fotokopi, anaiskani, anaituma kwenye kundi la darasa. Mwenye macho anaona maneno. NVDA inakuta picha tupu, inanyamaza. Iko njia ya kubonyeza Insert na R ili Windows ijaribu kuyatambua maandishi, nami naitumia sana, ila ukurasa wenye safu mbili unachanganyika, na tanbihi zinaingia katikati ya sentensi.

Mkutubi wetu ndiye aliyelivalia njuga jambo hili. Aliniambia, “Mwanangu, niletee orodha ya sura mapema, usingoje darasa lianze.” Tangu hapo anaziskani, anazigeuza kuwa maandishi, anayasahihisha kwa macho yake, kisha ananitumia. Kuna waliomtia hofu kwamba anavunja hakimiliki. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2017, uliwekwa kwa ajili ya kazi kama hii: kumtengenezea asiyeweza kusoma chapa ya kawaida nakala anayoweza kuisoma, bila kungoja idhini ya mwenye kitabu. Wakutubi wote wa vyuo wangepaswa kuujua.

Jingine ni vichwa vya habari. Nikibonyeza H kwenye ukurasa wa wavuti, NVDA inanirusha hadi kichwa kinachofuata, na kwenye Word nafanya vivyo hivyo nikiwasha hali ya kuvinjari, ambamo herufi inakupeleka mahali badala ya kuandikwa. Lakini kichwa kilichokolezwa wino tu, bila kupewa mtindo wa kichwa (Heading) ulio ndani ya Word, kwangu ni mstari kama mistari mingine, na hati ndefu inakuwa pori. Nilimwendea mhadhiri wa historia baada ya kipindi: “Mwalimu, hivi vichwa mimi sivipati.” Alikaa nami, akasikiliza NVDA ikipita notsi zake mwenyewe. Wiki iliyofuata notsi zilikuja na mitindo kamili, na majedwali yenye safu zinazoeleweka. Wanafunzi wanaoona nao walifurahi, kwa kuwa sasa wanapata yaliyomo ya kubofya.

Mahali ambapo NVDA haiwezi kunisaidia ni tovuti ya chuo ya kusajili masomo. Vitufe vyake havikupewa majina. Nasikia “kitufe, kitufe, kitufe”, nisijue kipi ni cha kuthibitisha na kipi ni cha kufuta. Kwa hiyo kila muhula nampa rafiki nywila yangu anisajilie. Rafiki ni mwaminifu, Alhamdulillahi, lakini alama zangu na salio la karo ni siri zangu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu na habari, na kwa mwanafunzi wa leo lango la chuo ni tovuti hiyo. Mwenzetu wa kiti cha magurudumu alijengewa njia ya mteremko kwenye ukumbi, na tunashukuru. Kuvipa vitufe majina hakuhitaji hata mfuko mmoja wa saruji.

Programu yenyewe naipendekeza bila kusita. Na kama wewe ni mhadhiri au fundi wa tovuti ya chuo, ipakue, isakinishe, iwashe kwa Control, Alt na N, zima skrini, kisha ujaribu kujisajili somo moja.