Mosquito ya plastiki kwenye benchi la seremala

Karakana yangu iko Ngong Road, natengeneza vitanda na kabati. Shule zilipofungwa nilimnunulia mpwa wangu wa gredi ya saba seti ya kuunganisha ndege ya Mosquito, ile ya kivita ya Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndogo mara 72 kuliko yenyewe, katika duka moja mjini. Shilingi 4,200. Tumeimaliza kwa jioni tano, na nina ya kusema.

Bodi ya ndege inakuja imepasuliwa kwa urefu, ubavu wa kushoto na wa kulia, kama ganda la njugu. Nilidhani kiwanda kimejirahisishia kazi. Kumbe Mosquito yenyewe ilijengwa hivyo hivyo, tena kwa mbao! Kila ubavu ulitandazwa juu ya kalibu: plaiwudi nyembamba, balsa (mbao nyepesi sana) kutoka Ekuador, kisha plaiwudi tena, kila tabaka kwa gundi, ukabanwa mpaka ukashika. Nyaya na mabomba vilifungwa pande zikiwa bado wazi, mkono unafika kila pembe, ndipo zikaunganishwa. Mimi hufunga reli za droo kabla kabati halijasimama, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Geoffrey de Havilland, mwenye kampuni iliyoiunda, alipoleta wazo la ndege ya mabomu isiyo na bunduki hata moja, ya kujiokoa kwa mbio tu, wakubwa wengi Uingereza hawakulitaka. Wilfrid Freeman, mkubwa mmoja wa jeshi la anga, alilishikilia, na tarehe 1 Machi 1940 zikaagizwa 50, za mabomu na upelelezi. Hesabu yao naiheshimu. Vita vinakula aluminiamu, lakini mbao zipo, na mafundi wa samani wa High Wycombe, mji wa Uingereza, wapo. Ya kwanza iliundwa Salisbury Hall, jumba la mashambani karibu na London, ikaruka kwenye uwanja wa Hatfield tarehe 25 Novemba mwaka huo huo. Watu wawili ndani, injini mbili za Merlin. Mwishowe zilijengwa zaidi ya 7,700. Kijitabu cha maelezo hakina neno mbao hata mahali pamoja, na hilo limeniuma kuliko kasoro nyingine yoyote.

Kasoro zipo. Bawa la Mosquito lilikuwa moja, kutoka ncha hadi ncha, bodi ikakalishwa juu yake. Kwenye seti hii limekatwa mawili, kila nusu inabandikwa ubavuni, na upande wa kulia ukabaki mwanya wa unene wa kadi ya simu. Tuliujaza, tukapiga msasa, ukapotea. Nilipima kwa tepu: ncha hadi ncha sentimita 23. Ya kweli ilikuwa mita 16 na nusu, basi vipimo ni vya haki. Kioo cha puani, alipolala mlenga mabomu, ni safi sana, na viti viwili vimekaa bega kwa bega inavyotakiwa, cha mwelekezi kikiwa nyuma kidogo.

"Mjomba, gundi imekauka." Ndiyo, tyubu ilikuwa jiwe, na duka likakataa kuibadilisha. Kwa ndege hii gundi si jambo dogo. Za mwanzo zilishikwa kwa gundi ya kasini, itokanayo na maziwa. Mwaka 1944, kwenye joto na unyevu wa India na Burma, baadhi ziliachia viungo, na waliochunguza walikuta pia viungo ambavyo havikukutana sawasawa tangu kiwandani. Nilimwonyesha kijana ule mwanya wetu wa bawa nikimsimulia hayo. Siku iliyofuata alikuwa anakagua kila kipande mara tatu kabla ya kupaka.

Kwa bei hiyo ningeinunua tena, ila nunua gundi yako kwanza, na vibanio vya nguo visipungue kumi. Stika ni za ndege za vikosini tu. Mpwa wangu alitaka njano, kama ile ya kwanza kabisa, ambayo hadi leo imehifadhiwa kwenye makumbusho pale pale Salisbury Hall, kwa hiyo nilimchanganyia kutoka kopo la rangi ya milango.