Uzoefu wangu: giaboksi ya gia tano kwenye Land Cruiser ya mwaka 1983, na propela iliyokatwa mara mbili

Pikapu yangu ni Land Cruiser HJ47 yenye injini ya 2H na giaboksi ya gia nne, na kwa miaka mingi ilinichosha safarini, kwani ikifika kilomita 80 kwa saa injini hulia kana kwamba inaomba gia nyingine. Nilipopata giaboksi ya H55F ya gia tano, iliyofunguliwa kwenye Land Cruiser nyingine, HJ75, yenye injini ya aina ileile, niliinunua siku hiyohiyo.

Kuifunga hakukuwa na maajabu. Ilikaa kwenye injini bila kulazimishwa, nikabadilisha klachi kwa kuwa kila kitu kilikuwa tayari wazi, na tundu la mkono wa gia likapanuliwa kidogo sakafuni. Kazi ilikuwa kwenye propela, yaani mabomba yanayopeleka mzunguko kwenye ekseli. H55F ni ndefu kuliko ile ya gia nne, hivyo transfa (sanduku linalogawa mzunguko kwa ekseli ya mbele na ya nyuma) husogea nyuma, propela ya nyuma ikawa ndefu mno na ya mbele ikawa fupi.

Karakana ya kwanza, hapa Iringa, ilichukua vipimo gari likiwa juu ya stendi huku ekseli ya nyuma ikining'inia, ikakata bomba na kulichomelea jioni ileile. Gari lilipokanyaga chini na kupakiwa viazi, sehemu ya propela inayoteleza ekseli inapopanda na kushuka ilibakiwa na nafasi isiyofika sentimita moja. Tena kuanzia kilomita 60 kwa saa kioo cha pembeni kilitetemeka hata pikipiki iliyokuwa nyuma ikaonekana mbili. Niliambiwa kosa ni la giaboksi ya mtumba. Nikaamini, nikabalansi hata magurudumu, fedha ikapotea bure.

Fundi wa lezi wa Dar es Salaam aliilaza propela mezani, akaweka rula juu ya masikio yanayoshika krosi (kiungo kinachoiwezesha propela kuzunguka ikiwa kwenye pembe) ya kila upande, kisha akaniita nitazame. Masikio hayakulingana, upande mmoja ulikuwa umepinda kwa takriban upana wa kidole. "Mzee, hii imekatwa kwa macho," alisema. Alinieleza kwamba krosi ikifanya kazi kwenye pembe haizungushi kwa mwendo sawa, bali huharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko, na krosi ya pili hufuta kasoro hiyo endapo tu masikio yamepangwa kwenye mstari mmoja na pembe za pande zote mbili zinalingana.

Alipima upya gari likiwa juu ya magurudumu yake, akaweka mabomba mapya kwenye propela zote mbili, akaacha sentimita 3 za kuteleza, na kabla ya kuchomelea akachora mstari wa chaki kutoka sikio hadi sikio. Mwisho akazibalansi kwenye mashine. Nililipa shilingi 380,000 na kusubiri siku nne badala ya mbili nilizoahidiwa. Grisi nilijitilia mwenyewe, jambo ambalo kwa bei hiyo sikulipenda.

Narudi kwake hata hivyo. Gia ya tano ya H55F ina uwiano wa 0.845, kwa hiyo kwa mwendo uleule injini huzunguka pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko kwenye gia ya nne, na spidomita haikuhitaji kuguswa kwa kuwa inaendeshwa na transfa. Nimepandisha mlima wa Kitonga mara tatu na mzigo. Kioo kimetulia, isipokuwa gia ya tatu ina mlio mwembamba, na huo kweli ni wa mtumba.