Bango la Shirley Chisholm: picha safi, ila karatasi ya maelezo waitoe

Naanza na la msingi ili mwenye haraka aondoke nalo. Bango lenyewe zuri, nunueni, ila ile karatasi ya maelezo wanayoiweka ndani msiiamini hata kidogo. Bango nalipa nyota 5, karatasi hata moja sitoi.

Mimi nina saluni ya kusuka hapa Columbus, Ohio, viti vinne, na ukuta wa kulia ukiingia ulikuwa mtupu tangu nihamie. Wateja wangu wanakaa masaa sita saba wakisukwa rasta zile nyembamba, nikawa nataka kitu cha kuangalia ambacho si zile picha za mitindo zilizojaa kila saluni. Basi nikalikuta bango la Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa Bunge la Marekani, la kampeni yake ya urais ya mwaka 1972, limeprintiwa upya kwenye duka moja la mtandaoni, jina silitaji, dola 24 na usafiri dola 6, saizi inchi 18 kwa 24. Siku ya tisa likafika. Limeviringishwa ndani ya bomba gumu la karatasi, ncha moja ya bomba ilibonyea njiani lakini bango halikuguswa. Karatasi nzito, haing'ai, kwa hiyo taa zangu hazipigi mwanga mtu akashindwa kuona, na wino umekolea vizuri hata ukisogea karibu kabisa. Shida ndogo ni kwamba likitoka kwenye bomba linajikunja lenyewe, nililaza chini ya vitabu siku mbili ndo likanyooka, kwa hiyo usikimbilie kwa mtu wa fremu siku hiyohiyo.

Kwenye bango kuna sura yake na maneno machache tu. La kwanza anaomba Marekani iunganishwe, na hapo kuna mchezo mzuri wa herufi maana U.S. ni Marekani lakini kwa Kiingereza ukitoa nukta unasoma "sisi", yaani tuunganeni. Halafu mpigie kura Chisholm 1972. Halafu yale maneno aliyotembea nayo maisha yake yote ya siasa, Unbought and Unbossed. Wateja wangu Wakongo wananiuliza kila siku maana yake nini, nawaambia hajanunuliwa na hana bosi. Wanaelewa papo hapo. Sisi tuliokua tunaona mgombea anapita na khanga na sukari hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Sasa hiyo karatasi. Ni nusu ukurasa, imepambwa, nikaona si vibaya nikaiwekea fremu ndogo nikaitundika chini ya bango. Ikakaa wiki tatu. Kuna mama mmoja mteja wangu, miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Brooklyn, siku ameingia kaliona bango akasimama palepale mlangoni hajavua hata koti. Akaniambia mama yake alimpigia kura huyu mwaka 1968. Akasogea, akavaa miwani, akasoma karatasi yote, akaniambia kwa upole kabisa, binti yangu, hii toa. Nikaitoa. Halafu nikaenda maktaba kusoma mwenyewe, ndo nayaandika haya.

Karatasi inasema Chisholm ni mhamiaji aliyezaliwa Barbados. Sio. Kazaliwa Brooklyn, New York, tarehe 30 Novemba 1924, jina la nyumbani Shirley Anita St. Hill. Baba yake ndo mtu wa Guyana, alikuwa anafanya kazi kiwandani, na mama yake mtu wa Barbados, fundi cherehani na mfanyakazi wa ndani. Maisha yalikuwa magumu, wazazi wote kazini, watoto wadogo hakuna wa kuwaangalia, ikabidi wapelekwe Barbados kwa bibi mzaa mama, shambani. Akakaa huko mpaka 1934, akasoma shule ya kijijini, akarudi Brooklyn na lafudhi ya visiwani ambayo haikumtoka. Hapo mimi nilisimama kidogo, maana nani kati yetu hajalelewa na bibi ili mama apate kutafuta? Wenzangu wangapi hapa saluni wana watoto kwa bibi sasa hivi. Karatasi ingesema tu ukweli huu ingetosha kumuuzia kila mwanamke anayepita.

Tena inasema ndiye mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Bunge la Marekani. Hapana, huyo ni Jeannette Rankin wa Montana, alichaguliwa 1916, wakati wanawake wa majimbo mengine ya Marekani kura walikuwa hata hawajapata. Chisholm ni mwanamke wa kwanza MWEUSI, na katikati ya hao wawili imepita miaka zaidi ya hamsini, na hiyo miaka hamsini ndo habari yenyewe, ukiifuta umefuta kila kitu.

Na nafasi hiyo hakuiokota. Alimaliza Brooklyn College 1946, akawa mwalimu wa chekechea, akasoma shahada ya pili chuo kikuu cha Columbia usiku, akaendesha kituo cha kulelea watoto. Jioni yuko kwenye klabu ya chama cha Democratic mtaani. Kwenye ile klabu kazi ya wanawake ilikuwa kuchangisha hela, yeye alipewa kazi ya kupamba maboksi ya sigara ya kuwekea hela za bahati nasibu, alafu wanaume ndo wanaamua hela ziende wapi. Akauliza kwanini wanawake wanaoleta hela hawapewi bajeti. Hakuna aliyefurahia hilo swali. Kwa hiyo "hana bosi" ilianzia kwenye maboksi ya sigara, sio kwenye bango.

1964 akashinda bunge la jimbo la New York, huko akapigania mpango wa kuwaingiza chuo vijana wa familia maskini unaoitwa SEEK, na akasukuma bima ya kukosa kazi iwafikie wafanyakazi wa ndani. 1968 likapatikana jimbo jipya la uchaguzi linalochukua mtaa wa Bedford-Stuyvesant wa Brooklyn, akagombea. Mpinzani wake mkuu James Farmer, jina kubwa la harakati za haki za weusi, mtu wa televisheni, na kampeni yake ikawa inapiga ngoma kwamba jimbo linataka sauti ya mwanaume kule Washington. Chisholm akahesabu daftari la wapiga kura. Wanawake waliojiandikisha ni wengi kuliko wanaume. Akaenda kwa wanawake, vikundi vyao, vyumba vyao vya kukaa, na kwa Wapuerto Rico akaongea Kihispania chao. Akashinda kwa mbali sana. Yule mama mteja wangu anakumbuka Chisholm anavyopita mtaani na gari la kipaza sauti, mdogo wa mwili, sauti kubwa.

Kufika bungeni Januari 1969 wakamweka kamati ya kilimo, kwenye mambo ya misitu. Mbunge wa Brooklyn! Mila ya pale mgeni anakaa kimya miaka kadhaa, yeye akasimama akagoma, wakambadilishia kamati ya mambo ya maveterani, akasema sawa, kwake maveterani wako wengi kuliko miti. Baadaye akapata kamati ya elimu na kazi aliyokuwa anaitaka. Ofisini kwake akaajiri wanawake watupu, nusu yao weusi. Hotuba yake ya kwanza bungeni, Machi 1969, akapinga vita vya Vietnam.

Sasa kosa ambalo mimi limeniuma kuliko yote. Karatasi inasema "mwanamke wa kwanza kugombea urais, akashindwa", basi, imeishia hapo. Kwanza sio wa kwanza, Victoria Woodhull aligombea 1872, miaka mia kabla, na Margaret Chase Smith seneta wa Maine jina lake lilipelekwa mkutano mkuu wa Republican 1964. Chisholm ni mtu mweusi wa kwanza kuomba tiketi ya urais kwenye chama kikubwa, mwanamke au mwanaume, na mwanamke wa kwanza kuiomba kwa Democratic. Alitangaza tarehe 25 Januari 1972 kanisani, Concord Baptist, palepale Brooklyn, akasema yeye si mgombea wa weusi peke yao japo ni mweusi na anajivunia, wala si wa wanawake peke yao, ni wa watu wa Marekani.

Halafu tazama nani alimwacha. Wanasiasa weusi wengi wanaume hawakumuunga mkono. Viongozi wengi wa harakati za wanawake walimsifia kwa mdomo, kura wakapeleka kwa George McGovern, mwanaume aliyekuwa anaomba tiketi hiyohiyo. Hela hamna, kampeni nzima kama dola laki tatu, kwa urais! Mdahalo wa televisheni wakamwacha nje mpaka akaenda kushtaki ndo akapewa muda. Na bado akaingia kwenye karatasi za kura majimbo 12, na Julai kule Miami Beach akaingia mkutano mkuu akaondoka na kura za wajumbe 152. Mtu anaandika "akashindwa" halafu anaweka nukta?

Kuna jambo moja la mwaka huohuo ambalo ningeliweka lenyewe kwenye karatasi hata kama mengine yote yatolewe. Mei 1972 George Wallace, gavana wa Alabama, yule wa kutaka weusi na weupe watenganishwe milele, naye aliyekuwa anaomba tiketi hiyohiyo, alipigwa risasi akapooza. Chisholm akaenda hospitali kumwona. Watu wake walikasirika vibaya sana, wengine walisema wamemaliza naye. Yeye alisema yaliyompata yule asingependa yampate mtu yeyote. Miaka miwili baadaye, 1974, anatafuta kura ili wafanyakazi wa ndani waingizwe kwenye sheria ya kima cha chini cha mshahara, wabunge wa Kusini wagumu, Wallace akamsaidia kuwapata. Sheria ikapita.

Nilipomsomea hii yule mama, kichwa chake nusu kimesukwa nusu bado, alinyamaza muda mrefu. Mama yake alifanya kazi kwenye nyumba za watu Brooklyn maisha yake yote. Aliniambia anakumbuka mwaka ambao mama alianza kulipwa kwa saa, lakini hajawahi kujua ilitokana na nini. Mimi nikaacha kusuka kidogo. Huyo Chisholm mama yake mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa ndani, usisahau.

Mengine nayapitisha haraka. Alikuwa kati ya waanzilishi 13 wa umoja wa wabunge weusi 1971, alipigania stempu za chakula na chakula cha wajawazito na watoto wachanga, akawa katibu wa wabunge wa Democratic, akatoka bungeni mwanzoni mwa 1983 akaenda kufundisha chuo cha Mount Holyoke. Clinton alimteua ubalozi wa Jamaica 1993, afya ikakataa. Alifariki Florida tarehe 1 Januari 2005, kazikwa Buffalo, na kaburini pameandikwa maneno yaleyale ya bango. Obama akampa nishani ya juu ya raia 2015, mwenyewe keshaondoka. Na kwenye ile kampeni ya 1972 "iliyoshindwa" kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa California, mama wa watoto wawili, hajajiandikisha hata kupiga kura, Chisholm alimwambia ajiandikishe kwanza. Jina lake Barbara Lee, akaja kukaa bungeni zaidi ya miaka ishirini.

Nimewaandikia duka nikawaeleza makosa moja moja, na tarehe zake. Wakajibu siku ya pili kwa heshima, wakasema watairekebisha, wakanirudishia dola 5. Hela sikuwa naitafuta lakini nimeshukuru. Sijaona bado karatasi mpya, kwa hiyo ukiagiza leo uwezekano ni upate ileile, itupe.

Chini ya bango sasa nimeweka karatasi yangu niliyoandika kwa mkono, Kiingereza upande mmoja, Kiswahili upande mwingine, na mteja wangu yule ameipitia kwanza kabla sijaitundika. Bango la pili nimeagiza la binti yangu, anaenda chuo Agosti. Safari hii kwenye oda nimeandika kabisa: bango tu, karatasi msiweke.