Siku tatu za ultrasaundi kando ya kitanda: tathmini ya mafunzo niliyohudhuria Mwanza

Mimi ni daktari wa kitengo cha dharura upande wa Sengerema, na majuzi nilivuka daraja la Kigongo–Busisi kuhudhuria mafunzo ya siku tatu ya ultrasaundi, yaani kupiga picha za ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti, yaliyotolewa Mwanza mjini, kwa ada niliyoilipa mwenyewe. Siku ya kwanza ilikuwa ya nadharia: mawimbi, kina cha picha, na probu (kifaa cha mkononi kinachogusishwa mwilini) ipi hutumika tumboni na ipi kwenye mishipa. Ilitosha.

Siku ya pili ndiyo iliyolipa ada yangu. Tulifundishwa FAST, uchunguzi wa kutafuta damu iliyovujia ndani ya mwili wa majeruhi, unaotazama sehemu nne: baina ya ini na figo ya kulia, pembeni mwa bandama, kwenye nyonga, na kuzunguka moyo. Figo ilipokataa kuonekana kwenye picha yangu, mkufunzi alinishika mkono, akaisogeza probu kwa upana wa ukucha tu, na kivuli cha ubavu kikaondoka. "Daktari, usikimbize mkono," aliniambia. "Sogeza kidogo, tulia, tazama."

Kisha akatupa swali: dereva wa bodaboda ameanguka, presha yake iko sawa, na mstari mweusi unaonekana kati ya ini na figo. Wengi tulijibu upesi kwamba ni damu, apasuliwe. Alitukumbusha kwamba tuko kando ya Ziwa Victoria, ambako kichocho cha matumbo huweza kuliharibu ini la mvuvi taratibu kwa miaka mingi, makovu yakazunguka mishipa yake, bandama ikavimba na maji yakajaa tumboni; na kwenye kioo, maji hayo na damu mbichi vyote huonekana vyeusi. Kwa mgonjwa aliye imara, basi, tuitazame bandama na mishipa ya ini, turudie kipimo baada ya muda, na ikibidi tuvute majimaji kidogo kwa sindano. Anayeshuka presha hasubirishwi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuona picha na kuamua tiba ni stadi mbili tofauti.

Upungufu wa mafunzo haya ni mkubwa vilevile. Tulipimana sisi kwa sisi, watu wazima wa afya, hivyo majimaji tuliyaona kwenye video tu. Nilifanya FAST tisa, ilhali mwongozo wa chama cha madaktari wa dharura cha Marekani unapendekeza vipimo 25 hadi 50 kwa kila aina ya uchunguzi, vikiwa vimekaguliwa. Cheti tulikabidhiwa jioni ya siku ya tatu bila mtihani wa vitendo, jambo linaloniuma, kwa kuwa muuguzi na mgonjwa watakiamini.

Tangu nirudi, kila kipimo nakiandika daftarini na kukilinganisha na majibu ya chumba cha mionzi au ya upasuaji. Anayetaka kujiandikisha aulize kwanza ni nani atakayezikagua picha zake baada ya mafunzo. Kwangu mimi hakuwapo.