MSI Afterburner kwa RTX 3060 kwenye joto la Mombasa

Kwa anayecheza gemu nzito kwenye kompyuta Mombasa bila AC, MSI Afterburner, programu ya bure ya kurekebisha kasi, volti na feni za kadi ya picha, naiona ina faida kuliko kuongeza feni mbili kwenye kesi. Feni haiwezi kuipoza kadi ikawa baridi kuliko chumba, na kaskazi ikikolea chumba cha ghorofani kinafika nyuzi 31 au 32. Hewa inayovutwa ina moto tayari. Kinachobaki ni kuifanya kadi yenyewe itoe joto dogo.

RTX 3060 ni kadi ya picha ya NVIDIA ya wati 170. Kabla ya kuirekebisha, yangu ilifika nyuzi 82 kwenye Cyberpunk 2077. Sasa husimama kwenye 71, inakula wati 130 hivi, na gemu inakwenda vilevile.

Kazi yote iko kwenye mchoro wa volti, unaoonyesha kasi ya kadi kwa kila kiwango cha volti. Cheza kwanza dakika kumi, kwa sababu kadi za NVIDIA hujipunguza kasi (megahezi) kidogo zikipata moto. Ukichora kadi ikiwa baridi, namba unazoziona sizo utakazozipata. Shusha kasi ya kadi (Core Clock) hadi -250, bonyeza tiki, kisha Ctrl na F kufungua mchoro. Tafuta nukta ya milivolti 900, ipandishe hadi megahezi 1,830 hivi, bonyeza tiki tena. Nukta za kulia zote zitalala sawa na hiyo. Gemu ikijifunga ghafla, au skrini ikawa nyeusi kisha ikarudi, volti hazitoshi kwa kasi hiyo: punguza megahezi 15, ujaribu upya. Usiiruhusu programu ianze na Windows mpaka gemu nzito iende saa mbili bila kukatika. Wengi huharakisha hapo, mashine ikawa inaganda kila ikiwashwa.

Inakuja na RivaTuner, programu ndogo ya kuwekea kikomo idadi ya picha kwa sekunde, nayo usiiache. Kama skrini yako ni ya hezi 60, funga picha kwenye 60 kwa sekunde. Kadi kutengeneza picha 140 ambazo skrini haiwezi kuzionyesha ni kuchoma tokeni za stima bure. Feni za kadi nimezipangia asilimia 40 kwenye nyuzi 50, 60 kwenye 65, na 85 kwenye 75.

Kasoro: sura yake ya mwanzo imejazana na maandishi ni madogo mno. Na ipakue kwenye tovuti ya MSI au Guru3D tu; mwaka 2021 MSI wenyewe walionya kuhusu tovuti ya bandia iliyotumia jina la programu hii kusambaza virusi.

Uchafu lakini programu haiuondoi. Unyevu na chumvi ya bahari hugandisha vumbi kwenye vyuma vyembamba vya kupozea, ukilikwangua kwa kucha linabanduka kama utandu wa wali. Blowa peke yake haitoshi. Tumia brashi ndogo ya rangi iliyo safi na kavu, mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa. Zuia feni kwa kidole unapopuliza, maana ikizunguka kupita kasi yake beringi zinakufa.

Halafu fungua HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya joto vya kompyuta, linganisha joto la kadi na la sehemu yake yenye moto zaidi. Tofauti ikizidi nyuzi 25, huenda pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya chipu imekauka au imesukumwa pembeni. Hapo ni kufungua kadi na kubadilisha pesti.